Kudai huduma ya afya ya akili kwa wajawazito na wazazi wapya Lubumbashi: pa kuanzia na milango ya kugonga

Kampeni za afya mjini Lubumbashi huanza mara nyingi na fulana. Watu wanachapisha fulana, wanatembea barabarani, mkubwa fulani anasema maneno mawili, basi. Kesho yake mama asiyepata usingizi hata mtoto wake akilala anafika kituo cha afya cha Katuba au Ruashi, anapimwa uzito na presha, anaandikiwa vidonge vya chuma, anarudi nyumbani na shida yake ileile. Muuguzi hakumuuliza, kwa sababu hakuna mahali palipoandikwa kwamba amuulize.

Mwongozo huu ni wa vikundi vinavyotaka swali hilo liulizwe: akina mama wa kanisa, wenzao wa likelemba (kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu), reko (wahudumu wa afya wa kujitolea wa mtaani), wakunga, wanafunzi wa uuguzi. Watu watano hadi saba wanatosha. Awepo mmoja anayejua jinsi ripoti ya mwezi ya kituo inavyojazwa, mmoja anayeandika Kifaransa cha barua za ofisini, na mama wawili waliozaa katika miaka miwili iliyopita. Hao wawili wasiwe mapambo ya kikao. Wao ndio watakaowaambia kwamba swali mnaloliona zuri haliulizwi mbele ya mama mkwe.

Hesabu kabla ya maneno

Shirika la Afya Duniani (OMS) linakadiria kwamba duniani kote karibu mjamzito 1 kati ya 10 ana tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na kwa waliojifungua ni 13%. Katika nchi zinazoendelea makadirio yanapanda: 15.6% wakati wa mimba na 19.8% baada ya kujifungua. Namba hizi peke yake hazimshtui daktari mkuu wa zoni ya afya (eneo lenye vituo vingi), amezisikia. Kinachomshtua ni namba za kituo chake mwenyewe.

Nendeni kwa muuguzi mkuu wa kituo, yaani IT, pamoja na mjumbe mmoja wa CODESA, kamati ya wananchi wa eneo la afya. Ombeni hesabu nne za miezi 12 iliyopita: wajawazito waliokuja CPN (kliniki ya wajawazito) ya kwanza, waliojifungua kituoni, waliorudi kwa huduma ya baada ya kujifungua, na wazazi walioandikwa kuwa na tatizo la akili. Msiombe majina wala kufungua rejista wenyewe. Jumla tu.

Tuseme kituo kinazalisha akina mama 40 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 480. Ukichukua 13%, wangetarajiwa kama 62 wenye shida, ukichukua 19.8%, ni 95. Kama rejista inaonyesha sifuri, mmepata ukurasa wa kwanza wa barua yenu. Sifuri hiyo haina maana kwamba kituo ni kibaya, na mwambieni IT hivyo waziwazi mapema. Akihisi mmekuja kumshtaki, hatawapa kitu, na bila IT hamna kampeni.

Mnazungumzia ugonjwa gani

Kundi zima lijue kutofautisha mambo matatu, kwa sababu redioni mtaulizwa na mkichanganya mtaharibu.

La kwanza ni machozi ya siku za mwanzo. Huanza siku ya tatu hadi ya tano baada ya kujifungua, huwapata wengi, nayo huisha yenyewe ndani ya wiki mbili hivi. Inahitaji mtu wa kusaidia kazi za nyumbani, chakula na usingizi.

La pili ni sonona, pamoja na wasiwasi mkali. Inaweza kuanza mimba ikiwa tumboni au wakati wowote katika mwaka wa kwanza wa mtoto. Mama hana hamu, amechoka kupita kiasi, anajiona hafai, halali hata akipata nafasi, na wakati mwingine anamhudumia mtoto vizuri huku yeye mwenyewe anazama. Hii ndiyo kampeni yenu hasa. Inatibika, na sehemu kubwa ya tiba ni mazungumzo yanayofuata utaratibu, ambayo mtu asiye daktari anaweza kufundishwa. Utafiti wa Pakistan uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha hivyo: wahudumu wa afya wa vijijini walifundishwa kuwatembelea wajawazito wenye sonona, na mtoto alipofika miezi sita, 23% ya mama waliotembelewa hivyo ndio waliokuwa bado wagonjwa, dhidi ya 53% ya wale waliopata ziara za kawaida. OMS ilitoa kitabu cha mafunzo ya njia hiyo mwaka 2015. Mkiambiwa kwamba haiwezekani bila daktari wa akili katika kila kituo, jibu lenu ni hilo.

La tatu ni kuchanganyikiwa kabisa, kunakompata mama 1 au 2 kati ya 1,000, kwa kawaida ndani ya wiki mbili za mwanzo. Ghafla anaongea mambo yasiyoeleweka, anasikia sauti, haoni haja ya kulala, anaamini mambo ya ajabu juu ya mtoto. Ni dharura ya siku hiyohiyo. Asiachwe peke yake, wala asiachwe peke yake na mtoto. Hapa kuna jambo linalosahaulika sana: kabla ya mtu yeyote kutamka wazimu, kituo kipime joto, presha, sukari, na malaria. Malaria iliyopanda kichwani, kifafa cha mimba na maambukizi ya kizazi vinaweza kumfanya mzazi aongee ovyo, na vinaua haraka. Mama anayepelekwa chumba cha maombi kwa siku tatu huku presha yake haijapimwa yuko hatarini kuliko yule mwenye sauti kichwani.

Dai nini

Kikundi kinachodai "afya ya akili kwa mama wote" hujibiwa "tumepokea" na mambo huishia hapo. Daini vitu vinne, vidogo, ambavyo mtu anaweza kwenda kuhesabu.

Maswali mawili yaulizwe kila mama, yaandikwe kwenye fishi, yaani kadi yake ya kituo. Maswali yenyewe yanajulikana na yanatumika nchi nyingi: katika mwezi uliopita, umesumbuliwa mara nyingi na huzuni au kukata tamaa? Umesumbuliwa mara nyingi na kukosa hamu au raha ya kufanya mambo? Yanachukua dakika mbili. Anayejibu ndiyo, hata kwa moja, aulizwe fomu ndefu zaidi: ama ile ya Edinburgh ya mwaka 1987, yenye maswali 10 na alama 0 hadi 30, ama PHQ-9, yenye maswali 9 na alama 0 hadi 27. Kwa Edinburgh, alama 13 na kuendelea ni za kufuatilia kwa makini, ingawa vituo vingi huanza kuangalia kuanzia 10. Kwa PHQ-9 ni kuanzia 10. Alama si jina la ugonjwa. Ni sababu ya kukaa na mama na kumsikiliza. Swali la mwisho la fomu zote mbili linahusu mawazo ya kujidhuru, nalo husomwa peke yake: mama mwenye jumla ya alama 6 aliyejibu ndiyo hapo hatoki kituoni bila mtu wa kumsindikiza na mpango wa siku hiyo.

Sasa, yaulizwe lini? Hapa vikundi vingi hukosea kwa kuandika "wakati wa huduma ya baada ya kujifungua". OMS inapendekeza mama aonwe ndani ya saa 24, kisha saa 48 hadi 72, kisha siku ya 7 hadi 14, kisha wiki ya sita. Kwenye karatasi ni vizuri. Lakini akina mama wengi hawarudi kwa ajili yao wenyewe. Wanarudi kwa ajili ya chanjo ya mtoto. Basi fungeni maswali kwenye chanjo: wiki ya 6, wiki ya 14, na miezi 9 mtoto anapokuja kwa surua. Wakati wa mimba, CPN ya kwanza na moja ya mwisho mwisho. Mara tano kwa kila mama, bila kumwongezea safari hata moja.

Cha pili ni watu wawili waliofundishwa katika kila kituo. Wawili, maana mmoja atahamishwa, atajifungua au atapata kazi kwenye kampuni ya madini. OMS ina mwongozo wa mhGAP, wa kutibu matatizo ya akili, kwa wasio wataalamu, na mwaka 2022 ilitoa mwongozo maalumu wa kuingiza afya ya akili katika huduma za mama na mtoto. Utajeni kwa jina na mwaka katika barua; daktari wa zoni ataona hamkutunga kitu.

Cha tatu ni dawa, lakini kwa hesabu na kwa uangalifu. Mazungumzo yanatangulia. Pale dawa inapohitajika kwa anayenyonyesha, sertraline huchukuliwa kuwa chaguo zuri, wakati fluoxetine hukaa mwilini muda mrefu na inashauriwa kuepukwa ikiwezekana. Anayepona huendelea na dawa miezi 9 hadi 12, kwa hiyo mama mmoja kwa kidonge kimoja kwa siku anahitaji vidonge karibu 365. Mama kumi ni 3,650. Kopo moja linaloletwa na mradi siku ya uzinduzi litaisha, na kukatiza dawa ghafla kunamrudisha mama nyuma. Ongezeni pia dai la kuzuia: valproate, dawa ya kifafa inayotolewa pia kwa magonjwa ya akili, haifai kwa mwanamke anayeweza kushika mimba, kwa kuwa huharibu ukuaji wa mtoto tumboni. Anayeitumia tayari asiiache peke yake. Apelekwe kwa daktari abadilishiwe.

Cha nne ni mlango wa kupeleka aliyezidiwa. Lubumbashi ina bahati ambayo miji mingi ya Kongo haina: Kituo cha magonjwa ya akili cha Dkt. Joseph Guislain, cha Mabruda wa Karità. Kabla ya kuandika chochote, mwende mkaulize maswali manne: mama anapokelewa na mtoto anayenyonya au wanatenganishwa? Gharama ya kuingia ni kiasi gani, na ya kila siku? Usiku nani anapokea? Karatasi gani ya rufaa inatakiwa kutoka hospitali kuu ya zoni? Majibu yaandikwe kwenye ukurasa mmoja, ubandikwe ukutani katika maternite. Ulizeni pia ofisi ya zoni kama mpango wa serikali wa kujifungua bila malipo, uliozinduliwa Kinshasa Septemba 2023, unafanya kazi katika kituo chenu na kama huduma hii imo.

Kitu kimoja hakina mjadala kwetu: maswali yasianze kabla ya mlango kuwepo. Kumuuliza mama kama anataka kufa, halafu kumwambia "pole, Mungu yupo", ni kumwumiza mara ya pili. Atakwenda kuwasimulia wengine, na hakuna atakayejibu ukweli tena.

Njia ya barua

Anzeni chini. IT na CODESA wakikubali, wao ndio watakaoibeba hoja kwenye mkutano wa kila mwezi ambako ma-IT wote wa zoni huleta ripoti zao. Ombeni dakika kumi katika mkutano huo. Mkipewa, leteni karatasi moja yenye hesabu ya kituo na madai manne.

Kisha barua kwa daktari mkuu wa zoni, nakala kwa Divisheni ya afya ya mkoa wa Haut-Katanga na kwa Programu ya kitaifa ya afya ya akili, PNSM. Kifaransa, ukurasa mmoja na nusu, hesabu kwenye kiambatisho. Chapisheni nakala moja zaidi, sekretaria aipige kashe (muhuri) ya kupokea, tarehe na namba. Barua isiyo na kashe haikufika, hata kama mmemkabidhi daktari mkononi. Muda wa kuiandika ni muhimu kuliko ufasaha wake: zoni huandaa mpango wa kazi wa mwaka ujao katika miezi ya mwisho ya mwaka. Ulizeni tarehe ya mpango huo mapema, mfike wiki sita kabla. Kitu kisicho na mstari katika mpango hakina pesa.

Kimya kikizidi, Katiba ya 2006 inawasaidia. Kifungu cha 27 kinampa kila Mkongomani haki ya kuiandikia mamlaka ombi, peke yake au pamoja na wengine, na mamlaka inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Tena hakuna anayeweza kushtakiwa kwa kufanya hivyo. Katika orodha ya saini wekeni jina, komine (manispaa) na saini tu. Msiweke safu ya "niliwahi kuugua". Kifungu cha 47 kinahusu haki ya afya. Kitajeni katika sentensi ya kwanza. Mkiamua kuandamana licha ya yote, kifungu cha 26 kinataka mtoe taarifa kwa maandishi kwa utawala husika. Kwa maoni yetu nguvu hizo zingefaa zaidi katika kuwatafuta wabunge wa mkoa kabla ya kikao cha bajeti, mmoja mmoja, na karatasi ileile mkononi.

Siku mbili za mwaka zinasaidia kupata nafasi redioni: Jumatano ya kwanza ya Mei, ambayo ni siku ya dunia ya afya ya akili ya mama wazazi, na tarehe 10 Oktoba, siku ya dunia ya afya ya akili.

Redio, mchungaji na nyumbani

Ushuhuda wa mama ni silaha kali, na huumiza anayeishika. Asiwe mtu aliye bado mgonjwa. Asisimulie kwa sauti yake kama kartie (mtaa) nzima inamjua. Msomaji mwingine anaweza kusoma. Kartie, idadi ya watoto na kazi ya mume vibadilishwe, kwa kuwa "mama wa mapacha ambaye bwana yake yuko Kolwezi" anatambulika mara moja. Njia ya kujidhuru isitajwe kamwe. Na mtangazaji akubali kabla ya kipindi kwamba atasoma mara mbili jina la kituo na siku za kupokelewa.

Wachungaji msishindane nao. Mama wengi watapita kwao kwanza, na wengine wataambiwa wamelogwa. Mwombeni mchungaji mambo mawili: akiona mzazi asiyelala kabisa, anayesikia sauti au anayesema heri afe, ampeleke kituoni siku hiyo, kisha aendelee kuomba, na asiruhusu mzazi afunge kula wala kufungwa kamba. Wengi hukubali, hasa wakialikwa na mama wa kanisa lao badala ya mgeni mwenye kalamu.

Reko anayetembelea nyumba aanze na mtoto, amalizie na mama, tena nje, mama akimsindikiza mlangoni: "Mama, mtoto nimemwona, yuko vizuri. Na wewe, unalala namna gani?" Ndani, mbele ya wifi na mama mkwe, jibu litakuwa "tuko sawa" kila siku. Mume naye aelezwe, lakini mama aulizwe kwanza kama anakubali. Kama kipigo kinatoka kwa mume huyo, kumpa habari ni kumpa fimbo.

Inapoharibika

Maswali yakiulizwa kwenye foleni, wote wanajibu hapana. Tafuteni kona, hata pazia moja tu. Yakisomwa kwa Kifaransa, mama anaitikia kwa heshima tu. Yaandikwe kwa Kiswahili cha hapa, myajaribu kwa mama kumi wa umri tofauti, kila mmoja aeleze kwa maneno yake alichoelewa. Wakipishana, badilisheni sentensi. Kuweni na mtu wa Kiluba na Kibemba kwa wanaohitaji.

Mradi ukilipa reko kwa kila mama "aliyegunduliwa", wagonjwa wataongezeka kwenye karatasi. Kama kuna motisha, iwe kwa ziara.

Na muuguzi akilemewa, ataweka alama ya "hapana" kwa wote bila kuuliza. Mtaligundua kwa hesabu: kituo kilichouliza mama 200 na kupata ndiyo sifuri hakikuuliza. Kila baada ya miezi mitatu ombeni kwa IT jumla tano: walioulizwa, waliosema ndiyo, waliofanyiwa fomu ndefu, waliopelekwa mbele, na waliofika kweli walikopelekwa. Pengo kubwa huwa kati ya mbili za mwisho, na sababu yake mara nyingi ni nauli au mtu wa kubaki na watoto wengine. Hapo likelemba inaweza kutenga mfuko mdogo wa safari tangu mwanzo, na kikundi kiwe na zamu ya watu wawili wanaoweza kumsindikiza mama siku hiyohiyo.